Mwongozo kwa Fundi Anayetaka HTTPS Kabla ya Ijumaa

Hongera, fundi. Programu yako ndogo ya kuchota mafaili, iliyoandikwa kwa C na isiyomtegemea mtu, imepata watumiaji. Na watumiaji, kama kawaida yao, wameanza kudai. Wanataka ifungue anwani za https. Bosi ameshaamua kwamba ni kazi ya siku mbili, maana kilichoongezeka ni herufi S tu, na ameshawaahidi wateja Ijumaa. Mwongozo huu utakufikisha Ijumaa. Jumatatu shauri yako.

Jihadhari na watu wa maswali. Mmoja atataka kujua kwa nini programu yako ibebe usimbaji yenyewe wakati ipo stunnel, ambayo kazi yake ni kupokea mawasiliano ya wazi na kuyapitisha ndani ya TLS bila wewe kugusa msimbo wako. Mwingine atasema libcurl imeshapitia masaibu yote haya, tena inakubali kuunganishwa na maktaba kadhaa za TLS, uchague mwenyewe. Washukuru. Ukiwasikiliza utakosa uhondo wote unaofuata.

Sasa chagua maktaba. Kigezo ni kimoja: ipi inatumiwa na kila mtu? Jibu ni OpenSSL, iliyopo tangu 1998 na inayokutwa karibu katika kila Linux. Kigezo hiki kilifanya kazi vizuri mpaka tarehe 7 Aprili 2014, ilipotangazwa Heartbleed. Isogelee uitazame, maana inachekesha. TLS ilikuwa na ujumbe mdogo wa kuulizana kama upande wa pili bado upo hai: nakutumia neno, nakwambia lina urefu gani, nawe unanirudishia lilelile. OpenSSL haikuhakiki huo urefu. Mtu angeweza kutuma herufi moja, akadai ametuma 64 KB, na seva kwa adabu zake ikamrudishia herufi yake pamoja na chochote kilichokuwa jirani nayo kwenye kumbukumbu: manenosiri, vidakuzi, hata ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Hitilafu hiyo ilikuwa imekaa humo miaka miwili. Ndipo watu wakaenda kuchungulia ni nani hasa anayeitunza maktaba inayotumiwa na kila mtu, wakakuta michango ni kama dola 2,000 kwa mwaka na mfanyakazi wa muda wote ni mmoja. Wewe usichungulie. Unaweza kuingiwa na wazo la kuchangia.

Kuhama kukawa fasheni. Watu wa OpenBSD wakachukua msimbo wa OpenSSL mwezi uleule, wakaufyeka, wakauita LibreSSL. Google nao wakatoa BoringSSL, wakaandika wazi kwenye maelezo yake kwamba haikukusudiwa matumizi ya watu wote na kwamba hawaahidi kutoibadilisha. Kwa hiyo ndiyo inayokufaa. Waliotaka kukimbilia GnuTLS kalenda iliwaangusha: Machi ya mwaka huohuo iligundulika kwamba ilikuwa tayari kupitisha vyeti vya kughushi, kwa kukosea kusoma majibu ya sehemu zake yenyewe. Februari ilikuwa zamu ya Apple, ambako mstari wa "goto fail" ulijirudia mara mbili na ule wa pili ukairusha programu juu ya ukaguzi wa sahihi.

Leseni waachie wanasheria, na kama kazini kwenu hakuna mwanasheria, afadhali. Kwa miaka mingi leseni ya OpenSSL ilidai itajwe kwenye matangazo, sharti lisilopatana na GPL, na ndiyo sababu mojawapo ya programu nyingi za Debian kuishia kwa GnuTLS. Toleo la 3.0 la Septemba 2021 lilihamia Apache 2.0, inayopatana na GPL ya tatu lakini si ya pili peke yake. Yako ni ipi? Usifungue faili la leseni.

Halafu kuna wageni. Maktaba haiji peke yake; GnuTLS ikibisha hodi, nyuma yake wamesimama nettle, gmp, libtasn1, p11-kit na wengineo, wote na mabegi. Amri ya ldd itakuonyesha orodha nzima kwa sekunde moja, kwa hiyo usiiandike. Waliokuja kuiangalia orodha ya sshd mwezi Machi 2024 walikuta humo liblzma, maktaba ya kubana mafaili, ambayo OpenSSH yenyewe haikuiomba: baadhi ya wasambazaji wa Linux waliongeza kiraka cha kuzungumza na systemd, na systemd ikaja na liblzma yake. Humo mtu alikuwa amepachika mlango wa nyuma. Uligunduliwa na Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, kwa sababu kuingia kwa ssh kulichelewa kama nusu sekunde naye hakukubali kupuuza.

Ukiogopa wageni, nakili msimbo wote wa maktaba ndani ya mradi wako na usirudi kuutazama tena. Siku itakapotoboka, watumiaji wa Debian watasasisha kifurushi kimoja na programu zao zote zitapona isipokuwa yako. Na kwa kuwa msimbo sasa ni wako, urekebishe kidogo. Debian walifanya hivyo kwa OpenSSL mwaka 2006: chombo cha kukagua kumbukumbu kilikuwa kikilalamika, wakaondoa mistari inayolalamikiwa, na kumbe ndiyo iliyokuwa ikimwaga unasibu kwenye funguo. Ikabaki namba ya mchakato tu, isiyozidi 32,768. Ilijulikana Mei 2008.

Umefika mwisho, na cheti kinagoma. Zima ukaguzi. Kama dhamiri inakusumbua, uzime kwa namna inayoonekana kama kuuwasha: ndani ya curl kulikuwa na CURLOPT_SSL_VERIFYHOST, ambayo kwa 2 ililinganisha jina la seva na la kwenye cheti, na kwa 1 iliridhika kwamba cheti kina jina, lolote lile. Waandishi wa PHP waliandika "TRUE" kwa moyo safi, nayo ikasomeka 1. Watafiti wa Texas na Stanford walipolichapisha hili mwaka 2012, walikuwa wamekuta makosa ya aina hiyo hata kwenye maktaba za malipo za Amazon na PayPal. Curl ikaacha kuipokea hiyo 1. OpenSSL, kwa upande wake, mpaka toleo la 1.0.2 mwaka 2015 haikuwa na njia yake ya kulinganisha majina. Kazi hiyo ilikuwa yako, wewe uliyedhani umeajiri maktaba ikufanyie.

Zipo anwani mbili za hadharani, expired.badssl.com na wrong.host.badssl.com, ya kwanza cheti chake kimekwisha muda, ya pili kina jina la mwingine. Usizijaribu. Ukishindwa kujizuia na programu yako ikachota kurasa zote mbili bila neno, funga dirisha hilo kabla bosi hajapita nyuma yako.