Namna ya Kupata Uprofesa kwa Kusomea Vurugu

Anza na shahada ya uzamivu kutoka mahali penye jina. Mwanafizikia Mitchell Feigenbaum, kigogo wa nadharia ya vurugu (chaos), alipata yake MIT mwaka 1970, katika fizikia ya chembe ndogo. Baada ya hapo usichapishe kitu, au karibu usichapishe. Kaa Cornell miaka miwili, Virginia miwili, na ukiulizwa unatafiti nini, sema unafikiri. Tathmini ya utendaji haina kisanduku cha jibu hilo.

Mwaka 1974 Feigenbaum aliajiriwa Los Alamos, kulikoundwa bomu la atomiki, akajaribu kuishi kwa siku yenye saa 26. Nawe usiwe mtumwa wa saa ya ukutani.

Vifaa sasa. Kompyuta kubwa waachie wenye haraka. Wewe tafuta kikokotoo cha mkononi, HP-65, kinachojikongoja. Chukua namba kati ya 0 na 1, izidishe kwa moja kutoa namba yenyewe, kisha kwa r, namba nyingine unayoichagua. Jibu lirudishe mwanzo, urudie mpaka uchoke. r ikivuka 3, jibu moja huwa mawili yanayopokezana. Kwenye 3.449 huwa manne, kwenye 3.544 manane, na ikipita 3.57 kidogo vurugu inatawala: majibu hayarudii mpangilio wowote. Kwa kuwa mashine inachelewa, utaanza kukisia mgawanyiko ujao uko wapi. Ndipo utakapoona kwamba kila pengo kati ya migawanyiko ni takriban mara 4.669 ya linalolifuata. Badilisha mlinganyo: namba ni ileile! Mwenye mashine ya kasi angebeba rundo lake la karatasi akaenda zake kunywa kahawa.

Mpigie mama simu, umwambie utakuwa maarufu. Feigenbaum alimpigia, mwaka 1975. Halafu tuma makala majaridani ikataliwe. Yake ilitoka 1978. (Usiye na subira, kuwa mhariri kwanza. David Ruelle, msomi mwingine wa vurugu, alichapisha makala yake na mwenzake Takens mwaka 1971 katika jarida alilokuwa mhariri wake.)

Majaribio usiyafanye wewe. Mwanafizikia Albert Libchaber, huko Paris, atapasha heliamu ya kimiminika ndani ya kijisanduku cha milimita chache, mitetemo ijigawe maradufu kama ulivyosema, nanyi mgawane Tuzo ya Wolf ya 1986. Cornell, ulikoondoka bila makala ya kutajika, itakuwa imeshakuita uwe profesa.

Ukishafika Chuo Kikuu cha Rockefeller, vurugu waachie wanafunzi. Wewe andika programu ya kupanga majina ya miji kwenye atlasi ya Hammond, yasigongane.