Sifa za Kabureta na Mdogo Wake Choki

Washairi wa Mombasa wamesifu jahazi, wakasifu mnazi, wakasifu macho ya watu waliowaona mara moja tu dirishani. Hakuna aliyeshika kalamu kuisifu kabureta. Hilo ni deni, na kwa kuwa wenye vipaji wamekataa kulilipa, nitalilipa mimi, mkazi wa Makadara, kwa idhini ya majirani ambao gari langu huwaamsha kabla ya muadhini.

Nianze na nasaba, maana kwetu mtu hasifiwi kabla ya kuulizwa ni wa nani. Kabureta ninayoisifu ni Solex, Mfaransa kwa asili. Lakini imekaa juu ya injini ya Peugeot 504, na 504 ni mzalia: zilikuwa zikiunganishwa papa hapa Mombasa, na Kenya ilishikamana nazo mpaka mwaka 2004, miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuzichoka. Basi ina haki ya uenyeji kuliko baadhi ya wanaokaa barazani kuwauliza wenzao makwao ni wapi.

Kazi yake ni ya kistaarabu. Hewa inaingia kwenye koo, koo linabana, hewa inakwenda mbio. Ikienda mbio mgandamizo wake unapungua, na upungufu huo ndio unaoifyonza petroli kupitia kijitundu kiitwacho jeti. Mtaliano Venturi aliliandika jambo hilo mwaka 1797, wakati gari la petroli halijaota katika akili ya mtu. Hakuna kompyuta wala waya wa kupeleka habari. Injini inataka uzani wa hewa 14.7 kwa uzani mmoja wa petroli, na kabureta inakisia. Nasema inakisia kwa heshima zote. Mpishi wa biriani naye hakupima chumvi kwa mizani, na hamjawahi kumdai cheti.

Na ikikosea, inasema. Hapo ndipo ukuu wake ulipo. Mafuta yakizidi, moshi mweusi unatoka nyuma, plagi zinafunguliwa zimejaa masizi, na abiria wa kiti cha nyuma anashuka ananukia petroli mpaka kwa mashemeji. Hewa ikizidi, gari linapiga chafya juu ya kabureta yenyewe, linasitasita ukikanyaga mafuta, na plagi zinatoka nyeupe. Gasketi ya chini ikipasuka, injini inavuta hewa ya wizi na kunguruma mbio huku gari limesimama. Unamwagia maji kidogo pembeni mwa maungio, mngurumo ukibadilika umeshamkamata mwizi. Sindano ya boya ikikwama, petroli inafurika na kuchuruzika nje, na hapo mwenye sigara anaombwa kwa adabu ahamie mtaa mwingine. Nitajieni mheshimiwa mmoja anayekiri makosa yake waziwazi namna hiyo.

Sasa nije kwa choki, ambayo sifa zake ni za ajabu zaidi kwa sababu haina kazi.

Choki ni kibao kidogo mdomoni mwa kabureta. Ukivuta kitufe kwenye dashibodi, waya unakifunga kibao, hewa inanyimwa njia, na injini inavuta petroli zaidi ili iweze kuwaka ikiwa baridi. Kifaa hiki kilibuniwa kwa ajili ya watu ambao asubuhi hukwangua barafu kwenye vioo. Sisi hapa, hata Julai kusi likivuma na watu wa Mji wa Kale wakivaa sweta kwa kuheshimu msimu, alfajiri haishuki sana chini ya nyuzi 20. Dakika moja ya choki, pengine, na kwa miezi iliyobaki hata hiyo ni israfu. Lakini kila 504 ya kabureta ilitoka kiwandani na choki yake, na mwenye choki lazima aivute. Asipoivuta atakuwa ameinunua ya nini?

Hivyo tumeitafutia kazi. Kitufe chake kimetundikwa tasbihi. Mwaka 2020 kilitundikwa barakoa, na kikawa chombo pekee garini kilichofuata masharti ya Wizara ya Afya. Kazi yake kubwa zaidi ni kusahauliwa. Mtu huivuta alfajiri, akapitia Ndia Kuu, akazunguka Ngome, akashika Barabara ya Nyerere, akafika Likoni, na kibao bado kimefunga. Petroli inazidi, inaosha oili kwenye kuta za silinda, inalowesha plagi, na mshale wa mafuta unateremka huku unautazama. Wapo wanaouita huo ubadhirifu. Mimi nauita sadaka. Wenye vituo vya mafuta nao wana watoto.

Ipo pia choki inayojiendesha yenyewe, ile ya Toyota na Nissan za miaka ya themanini. Ndani yake mna utepe wa metali mbili zilizogandishwa pamoja. Moja hutanuka kuliko nyingine, na joto likipanda utepe hujikunjua na kukifungua kibao. Ujerumani au Japani huenda ikafanya hivyo. Kwenye hewa yetu ya chumvi mhimili wake hushika kutu, kibao hubaki kilipo, nusu kimefunga nusu kimefunguka, mithili ya duka siku ya mkesha wa Idd. Fundi hujaribu kukilainisha, akakipiga kwa mpini wa bisibisi, kisha akakifunga kwa waya kikae wazi daima. Gari linapona. Zipo afisi zetu ambazo wakubwa wake wangefungwa kwa waya mmoja wa aina hiyo, kazi ingekwenda.

Mahakama kuu ya kabureta, hata hivyo, ni feri ya Likoni. Umefika pale na injini imekoka moto kwa foleni. Unapanda, unazima gari kama ilivyoamriwa, na mnavuka mkondo wa Kilindini polepole. Injini iliyozimwa haipoi papo hapo. Joto lake, likiwa limekosa upepo wa feni, linapanda juu na kuikumba kabureta. Na petroli si maji: sehemu yake nyepesi huanza kuchemka kabla ya nyuzi 40. Basi kwenye bakuli la kabureta inatokota, inamwagikia ndani ya injini, na kwenye pampu na bomba inageuka mvuke ambao pampu haiwezi kuusukuma. Feri inatia nanga. Magari ya nyuma yanawasha. La kwako linazungusha stata, linazungusha, linakataa.

Watu husimulia dakika hiyo kwa uchungu, nami nawashangaa, kwa sababu sijui mahali pengine ambapo mtu wa kawaida hupata washauri wengi hivyo bila malipo.

“Ami, choki umerudisha?” atauliza kijana wa mkokoteni.

“Usipampu, mzee wangu,” atasema mwengine. “Kanyaga mafuta mpaka chini, shikilia hapohapo, kisha piga stata.”

“Msimsikize huyo. Hiyo ni koili.”

“Koili gani, yakhe? Tia tambara la maji!”

Na wote wana haki, hata yule wa koili, ambaye siku moja itakuwa kweli ni koili. Kukanyaga mpaka chini kunafungua koo lote ili hewa nyingi iikaushe petroli iliyozidi. Kupampu kunaongeza petroli juu ya petroli. Tambara lililolowa, likivikwa pampu ya mafuta na bomba lake, linaugeuza mvuke kuwa petroli tena. Hiyo ni fizikia ya kitabuni, na hapo kwenye feri inatolewa na watu walioacha shule ili wasukume viazi. Gari la kisasa likizimika pale, nani atathubutu kusema neno? Taa ya njano imewaka kwenye dashibodi. Inabidi aitwe bwana mwenye mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu, aichomeke chini ya usukani, aitazame kwa uso wa daktari, ataje namba. Umati mzima unanyamazishwa. Watu wanaondoka bila kutoa rai, na Mswahili aliyenyimwa kutoa rai hulala vibaya.

Fundi wa kabureta naye ni mtu wa aina yake. Anafungua bakuli, analiinamisha juani, analisoma. Vumbi jekundu, ni kutu ya tangi. Matone yanayobiringika chini ya petroli bila kuchanganyika nayo, ni maji. Jeti iliyoziba haichomi kwa waya, na ukimwona fundi anachoma kwa waya mnyang’anye bisibisi, kwa sababu tundu lile limepimwa kwa sehemu za mia za milimita na waya utalipanua lisirudi tena. Yeye anaipuliza kwa mdomo. Kisha anarudisha kila kitu, anawasha, na anageuza skrubu ya mchanganyiko kidogokidogo: akiingiza, injini inaanza kutetemeka, akitoa, inatulia, anatafuta hapo katikati kwa sikio, kichwa kimeinama, asisemeshwe. Akimaliza anatema petroli, anasukutua, na kuagiza kahawa chungu kana kwamba hakuna lililotokea kinywani mwake.

Ulimi huo huo uliwahi kuwa mkaguzi wa serikali. Miaka ile petroli ilipokuwa ikichanganywa na mafuta ya taa, injini zilikuwa zikigonga na kufuka moshi, na fundi alikuwa akionja na kutaja kituo ulichonunua. Septemba 2018 serikali ikatoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili uchanganyaji usiwe na faida. Ulimi wa fundi ulikuwa umeshatoa hukumu zamani.

Kuna na faida ya ulinzi, ambayo naigusa tu. Gari la kabureta haliazimwi. Shemeji akija kuliomba kwa ajili ya harusi, usimkatalie. Mpe ufunguo na maelezo. Mwambie avute choki nusu, akanyage mara mbili, asiguse tena, likishika arudishe choki taratibu, likizima asubiri, na tambara liko chini ya kiti. Atakushukuru sana na kukodi tuktuk.

Kuhusu ushujaa, inatosha kusema kwamba Joginder Singh alishinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na magari hayo yote yalinyweshwa na kabureta. Mahasidi watasema kwamba Peugeot 504 iliyoshinda mwaka 1975 haikuwa na kabureta, ilikuwa ya kupulizia mafuta. Ni kweli. Ndiyo maana sikuitaja.

Sheria hairuhusu tena kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane, na magari yasiyozidi umri huo hayajui kabureta ni nini. Lakini ukoo haujakatika. Bodaboda nyingi zina kabureta, na choki yake ni kijiti pembeni. Jenereta za madukani nazo ni hivyo hivyo: umeme ukipotea, mwenye duka huvuta kamba mpaka bega likalia, na mtoto wa jirani humwambia kwa heshima kwamba hajaifungua choki.

Na sasa nina ombi. Aliye na seti ya gasketi za Solex ya 504, au mwenye mkono wa kuzikata vizuri kwenye karatasi ya gasketi, aje Makadara baada ya Alasiri. Bei tutaelewana. Ataliona gari penye watu wengi wanaobishana.