Heko, Mavi ya Farasi

Farasi amesifiwa vya kutosha. Zimesifiwa singa zake, shingo yake, mbio zake, hata mlio wa kwato zake. Wafalme wamechongewa sanamu wakiwa mgongoni mwake, na hakuna mchongaji aliyekumbuka kuweka chochote chini ya mkia. Huo ni uchoyo wa karne nyingi. Mimi ninayeongoza mafunzo ya kupanda farasi katika kambi ya watoto ya majira ya joto, huku Vermont, Marekani, najua siri ambayo vipeperushi vya kambi haviitaji: kazi yetu hasa ni mavi, na farasi tumewekewa ili yapatikane.

Tupige hesabu. Farasi mwenye kilo 450 hutoa takriban kilo 22 za mavi na mkojo kwa siku. Kambi yenye farasi 20, kwa msimu wa wiki nane, itavuna karibu tani 25, mbali na maranda ya kulalia yaliyolowa. Mtoto naye hukaa juu ya tandiko saa moja kwa siku, na radi ikisikika anateremshwa mara moja. Mavi hayajapata kuahirishwa kwa sababu ya radi. Anayepima kazi kwa mazao yake ataona mwenyewe ni idara ipi ya kambi inayofikia malengo.

Kambi hizi zina ukoo. Mwaka 1861 mwalimu Frederick Gunn wa Connecticut aliwatoa wanafunzi wake shuleni akaenda nao kupiga mahema, na wengi huhesabu hapo ndipo mambo yalipoanzia. Tangu hapo mzazi wa Kimarekani hulipa maelfu ya dola ili mwanawe apate ukakamavu. Wengine huutafuta ziwani, wengine mlimani. Sisi tunao bandani, tena wa moto.

Siku ya kwanza watoto hufika na buti za ngozi zinazong'aa na elimu waliyoipata kwenye filamu. Msichana mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, "Na hayo, nani huwa anayaokota?" Nikamjibu, "Wewe." Akageuka nyuma kuona nazungumza na nani.

Kuokota ni ufundi. Uma wa bandani una meno mengi yaliyokaribiana: unauingiza chini, unainua, unatikisa kidogo, maranda safi yanadondoka na mavi yanabaki juu. Mwenye pupa huchota vyote, na kufikia Ijumaa amekwisha kumwaga fedha za kambi jaani. Mwenye deko hutikisa mpaka mavi nayo yadondoke. Hapo utamjua mtoto kuliko utakavyomjua akiwa ameshika hatamu. Toroli nalo lina gurudumu moja na halijui baba yako anafanya kazi gani. Nimeona mtoto wa daktari bingwa na mtoto aliyeletwa kwa ufadhili wakilipindua pamoja, na pamoja wakaanza upya.

Lakini utukufu wake mkubwa ni wa kitabibu. Farasi hawezi kutapika. Kinachoingia kina njia moja ya kutokea, na njia hiyo ikiziba, msokoto wa tumbo unaweza kumuua. Kwa hiyo asubuhi simtazami farasi usoni, natazama sakafu. Mafungu yakiwapo, nampa salamu na napita. Sakafu ikiwa safi kama msikiti, natafuta simu nimwite daktari wa mifugo. Mavi makavu na madogo yanasema maji hayakunywewa. Punje nzima za nafaka zinasema meno yakaguliwe. Ukishuku kwamba amekula mchanga, tia kidogo kwenye mfuko wa plastiki, ongeza maji, tikisa, ning'iniza: mchanga utatuama chini, kila mtu auone. Mayai ya minyoo huhesabiwa kwa darubini, kwa kila gramu moja. Masikio ya farasi yanaweza kukudanganya kwamba yuko sawa. Huku nyuma hajui uongo.

Wenye kuziba pua waniambie nani ameziba pua kwanza. Mtoto wa farasi, wiki zake za mwanzo, hula mavi ya mama yake, na inaaminika kwamba humo ndimo anamopata vijidudu vya kumsagia majani tumboni. Wafaransa walikuza uyoga wao mweupe juu ya samadi ya farasi katika machimbo ya mawe ya Paris, kisha wakauandika kwenye orodha za vyakula vya mabwana. Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha utafiti kuhusu watoto wa jamii ya kidini ya Wa-Amish, ambao bado hulima kwa farasi: pumu kwao ilikuwa nadra mara kadhaa kuliko kwa watoto wa jamii nyingine ya kidini, Wa-Hutterite, ambao hulima kwa mashine, na vumbi la nyumba za Wa-Amish likatajwa kuwa na mkono katika jambo hilo. Najua mabanda ya Wa-Amish yana ng'ombe pia. Ng'ombe nao wajitafutie mwandishi wao.

Nakiri, maadui wapo. Inzi ni mashabiki tu, na kila mtukufu ana wake. Vijidudu vya pepopunda hupenda kukaa humo, kweli. Lakini ni kitu gani kingine kambini kinachomfanya mzazi aisome fomu ya afya hadi kwenye mstari wa chanjo? Bustani za nyanya zimewahi kusinyaa baada ya kutiwa samadi yetu, na ikabainika kwamba ni dawa ya magugu iliyopuliziwa majani, ikapita tumboni mwa farasi bila kuharibika. Kosa la mpuliziaji, aibu ya farasi. Yakilundikwa vizuri na kugeuzwa, mavi hupanda joto kupita nyuzi 55, yakaua mayai ya minyoo na mbegu za magugu, kisha majirani wakaja na magari yao kuomba mboji.

Sisi wa Lamu, niseme kidogo, tuna punda vichochoroni na tangu utotoni tunatembea macho chini. Hatukupata kuona kwamba hiyo ni elimu. Nimelazimika kuvuka bahari kwa viza ya J-1, kama wageni wengi wanaofanya kazi kambini, ili nikute watu wanaolipia kile ambacho kwetu hukanyagwa bure. Wazee wa mji wakikaa barazani kujadili uchumi wa utalii, walifikirie hili.

Wewe mzazi unayepanga kumleta mwanao msimu ujao: mnunulie buti za mpira, za ngozi ziache dukani. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati. Suruali nyeupe aliyoiona kwenye filamu ibaki nyumbani. Kofia ya kupandia tutampa sisi, na uma wa bandani pia.