Ombi la Kuchapishwa kwa Kanuni Isiyoandikwa

Kwa Waheshimiwa Maspika wa Bunge la Kitaifa na Seneti,
Majengo ya Bunge, Nairobi.

KUH: KIPIMO CHA TUHUMA ZA UFISADI DHIDI YA WAHESHIMIWA

Barua hii inatoka Garsen, katika kaunti ya Tana River, na inawasilishwa kwa unyenyekevu unaostahili taasisi zenye mamlaka ya kutunga sheria na, inapobidi, ya kuzisoma. Ombi lake ni moja tu: kwamba Kanuni za Kudumu, yaani mkusanyiko wa taratibu zinazoongoza mijadala na kura Bungeni, ziongezewe ile kanuni ambayo Waheshimiwa huifuata kwa uaminifu kuliko nyingine zote ingawa haijawahi kuchapishwa, nayo ni ile inayoeleza ni wakati gani tuhuma ya ufisadi huwa njama ya mahasimu na ni wakati gani tuhuma hiyohiyo huwa aibu ambayo taifa haliwezi kuivumilia hata kwa siku moja.

Kwamba kanuni hiyo ipo, wananchi hawana shaka, kwa kuwa matokeo yake yanaonekana. Mwezi Februari 2009 aliyekuwa mbunge wa Ikolomani, Bonny Khalwale, aliwasilisha hoja ya kutokuwa na imani na Waziri wa Kilimo wa wakati huo, William Ruto, kuhusu kashfa ya mahindi, na hoja hiyo ikaangushwa kwa kura 119 dhidi ya 22, huku wabunge wa ODM na PNU, vyama ambavyo mwaka huohuo vilikuwa vikivutana hata juu ya zulia jekundu la kukanyagwa na Waziri Mkuu, wakipiga kura kama watoto wa tumbo moja. Mwaka mmoja baadaye Ruto alikuwa amekwisha kutofautiana na kiongozi wa chama chake, Waziri Mkuu Raila Odinga, na tarehe 14 Februari 2010 Waziri Mkuu akatangaza kumsimamisha kazi kwa miezi mitatu pamoja na Waziri wa Elimu, Sam Ongeri, ambaye wizara yake ilikabiliwa na maswali kuhusu fedha za elimu ya msingi bila malipo; siku hiyohiyo Rais Mwai Kibaki akabatilisha hatua hiyo. Haki inadai isemwe kwamba kati ya kura ile na tangazo lile ilitoka ripoti ya wakaguzi wa hesabu, na kwamba Ruto hakuwahi kutiwa hatiani kwa mahindi hayo. Hata hivyo, ripoti moja iliyosomwa kwa siku moja na wakuu wawili wa serikali moja, mmoja akasimamisha na mwingine akabatilisha, inathibitisha kwamba msomaji alikuwa na uzito kuliko maandishi.

Kanuni hii ilifikia ukomavu wake kati ya mwaka 2022 na 2024. Mwishoni mwa Julai 2022, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Mahakama Kuu iliamuru shilingi milioni 202 za Rigathi Gachagua zitaifishwe kwa kuwa ziliaminika kutokana na ufisadi, amri aliyoikatia rufaa. Wenzake wa kambi ya Kenya Kwanza wakaeleza katika mikutano ya kampeni kwamba huo ulikuwa mkono wa serikali iliyokuwa ikiondoka, naye akachaguliwa Naibu wa Rais. Mwezi Novemba mwaka huohuo kesi nyingine dhidi yake, iliyohusu zaidi ya shilingi bilioni 7, iliondolewa mahakamani na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na wenzake wakashangilia kwamba ukweli umeshinda. Haikutimia miaka miwili kabla ya Oktoba 2024, ambapo wabunge 281, wakiwemo wengi waliokuwa wakishangilia, walipiga kura ya kumbandua, na miongoni mwa mashtaka 11 waliyoorodhesha likawamo la kujilimbikizia mali ya shilingi bilioni 5.2. Seneti ilimwondoa kwa mashtaka 5, lakini hilo la mali halikuwa mojawapo, jambo linaloonyesha kwamba tuhuma ya ufisadi ilihitajika kwenye jukwaa kuliko kwenye hukumu. Mfugaji yeyote wa Tana Delta angeshangaa, kwa kuwa kwake ng'ombe wa wizi hahalaliki kwa kulala zizi la rafiki, wala wa halali hageuki wa wizi siku mwenyewe anapohamia zizi jingine.

Umuhimu wa kanuni hiyo kuchapishwa unatokana na sheria ambayo wananchi wa kawaida wanaishi chini yake. Kifungu cha 62 cha Sheria ya Kukabiliana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya mwaka 2003 kinaagiza kwamba ofisa wa umma aliyeshtakiwa kwa ufisadi asimamishwe kazi kwa nusu mshahara tangu siku ya kushtakiwa, si siku ya kuhukumiwa. Kwa hiyo chifu, mwalimu mkuu au muuguzi wa Garsen anayedaiwa kupokea kitu kidogo huenda nyumbani na nusu ya riziki yake huku akisubiri kesi inayoweza kuchukua miaka. Kifungu hichohicho, kwa upole wa kugusa moyo, kinaziacha nje ofisi ambazo Katiba yenyewe inaeleza jinsi wenyewe wanavyoondolewa, na kwa bahati njema hizo ni ofisi za wakubwa. Ilimlazimu Jaji Mumbi Ngugi, mwezi Julai 2019, katika kesi ya gavana wa Samburu wa wakati huo, Moses Lenolkulal, kusema kwamba ubaguzi wa namna hiyo haupatani na Sura ya Sita ya Katiba, sura inayohusu uongozi na maadili.

Tana River, kwa hakika, haihitaji kufundishwa jinsi wakuu wanavyolindana. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya kizuizini ya Hola, mji ambao leo ndio makao makuu ya kaunti, wazuiliwa 11 walipigwa hadi kufa, na serikali ya kikoloni ikatangaza kwanza kwamba walifariki baada ya kunywa maji. Uchunguzi ulipobainisha kipigo, mkuu wa kambi alistaafishwa bila kupoteza kiinua mgongo chake. Maelezo ya serikali kuhusu maji yamebadilika tangu hapo. Utaratibu wa kiinua mgongo umehifadhiwa vizuri zaidi.

Upande wa pili wa kanuni hiyo pia unastahili kuandikwa, kwa kuwa una utata wake. Mwezi Aprili 2009 mbunge wa Garsen wa wakati huo, Danson Mungatana, ambaye sasa ni seneta wa kaunti hii, alijiuzulu nafasi ya Naibu Waziri wa Huduma za Matibabu, siku chache baada ya Martha Karua kujiuzulu uwaziri wa Haki, na hakuna kati yao aliyeondoka kwa sababu ya kudaiwa kuiba. Rekodi za Waheshimiwa wenzao zinaelekea kuonyesha kwamba kujiuzulu ni adhabu iliyotengewa wasiotuhumiwa, lakini mifano ni michache mno kwa hitimisho la kisayansi, na ufafanuzi rasmi wa Maspika utapokelewa kwa shukrani.

Nakala zinazoombwa ni chache: moja kwa kila ofisi ya chifu, moja kwa kila kituo cha polisi, na kadhaa za akiba kwa ajili ya misafara ya kampeni itakayofika Garsen mwaka 2027, ili wasemaji wajue kabla ya kupanda jukwaani ni nani kwa wiki hiyo anayestahili kuitwa fisadi. Iwapo gharama za uchapishaji zitakuwa kubwa kwa Hazina ya Taifa, ipo njia ya bei nafuu, nayo ni kuandika katika kifungu cha 62, bila kumwacha yeyote nje, kwamba nusu mshahara inamhusu pia mbunge, seneta, gavana na waziri aliyeshtakiwa. Mswada huo hauhitaji zaidi ya ukurasa mmoja, na nusu zitakazobaki zitatosha kulipia karatasi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wapiga kura wa Garsen