Tafadhali, Nipigie Picha Shangazi

Kwenye kamati ya harusi kuna kazi ambazo watu hugombania. Vinywaji vinagombaniwa, na sababu kila mtu anaijua. Ukumbi unagombaniwa. MC naye anagombaniwa na kila mwenye shemeji anayejua kushika kipaza sauti. Kumtafuta mpiga picha hakugombaniwi na mtu. Huachwa mpaka mwisho wa kikao, watu wameshashika funguo za magari mkononi, ndipo mwenyekiti anasema, "Hilo la picha ataliangalia Mjomba." Mjomba ni mimi. Na bajeti ya Mjomba ni kile kitakachobaki baada ya bia.

Nilithubutu kuuliza kwa nini keki, ambayo itakuwa imekwisha kabla ya saa tano usiku, imetengewa pesa nyingi kuliko picha, ambazo mpwa wangu ataziangalia hadi uzeeni. Mweka hazina akanijibu kwa upole kabisa kwamba keki ina ngazi saba. Hoja ikafungwa.

Basi nikaingia sokoni. Siku hizi mpiga picha humfuati studio, anakutumia akaunti yake ya Instagram. Unafungua, unakutana na bi harusi mmoja mrembo kupita kiasi, yuko Coco Beach, jua laini la jioni limemwangukia shavuni, shela inapepea. Picha nzuri, sikatai. Lakini harusi yetu haifanyiki Coco Beach. Inafanyika Sinza, ndani, saa tatu usiku, chini ya taa za zambarau ambazo mpambaji anazidaia pesa nyingi ili sote tufanane na biringanya. Mtu anayejua kupiga picha kwenye jua la jioni hajanithibitishia lolote. Kwenye jua la jioni hata mimi nina sura.

Kwa hiyo kila kijana niliyekutana naye nilimuuliza swali lilelile. Mmoja alikuja ofisini kwangu na tableti, heshima zote.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nionyeshe harusi moja, nzima, ya ukumbini usiku."

"Nzima kivipi, mzee?"

"Kuanzia saluni mpaka watu wanatafuta viatu vyao chini ya meza."

Akakuna kichwa. "Hizo mteja hajaruhusu zionyeshwe."

Ila yule wa Coco Beach karuhusu kuonyeshwa dunia nzima! Nikamkumbusha kwamba nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na kwamba sura ya mtu ni mali yake. Akashukuru sana, akatoa simu, akaniuliza akaunti ya hiyo Sheria inaitwaje aifuate.

Kisha zikaja pakeji. Kuna Silva, kuna Goldi, kuna Daimondi, na juu ya zote kuna Tanzanaiti, ambayo bei yake haisemwi kwa sauti. Silva ni mtu mmoja na kamera moja. Goldi inaongeza video. Tanzanaiti inaanza mwezi mzima kabla ya harusi: maharusi wanapelekwa shambani kwa watu, wanakimbizana kwenye majani, bwana harusi anajifanya kukutana na mchumba wake kwa mara ya kwanza. Hawa walikutana kwenye foleni ya benki. Majani yametoka wapi?

Daimondi ndiyo yenye droni. Hapo nikauliza kibali, maana droni hapa kwetu hairushwi kama kishada. Inataka usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kijana akanitoa wasiwasi: wao huirusha haraka haraka, wakashusha kabla watu hawajashtuka. Na nimeshaona inachokiona huko juu. Inaona mabati ya ukumbi, tanki la maji, magari yaliyozibiana njia, na vipara vya wazee waliotoka nje kuvuta hewa.

Msinione mkorofi. Yamenikuta mwaka jana, kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu. Mpiga picha alichaguliwa na vijana wenyewe, akaja na wasaidizi wengi, wote fulana nyeusi. Kanisani, padri alipofika kwenye pete, sisi wa benchi la mbele tuliona migongo mitatu iliyoandikwa CREW. Padri alisimamisha ibada akawaomba wakae. Walikaa, wakanyanyuka. Kwenye msafara, wa video alikaa kwenye buti la gari lililo wazi, miguu inaning'inia nje, amewageuzia kisogo matarumbeta, na nusu ya maombi yetu siku ile yalikuwa juu yake, si juu ya ndoa. Kadi ilisema saa kumi na mbili jioni. Maharusi waliingia saa tatu na ushei kwa sababu walikuwa "lokesheni". Walipoingia, wakaambiwa watoke waingie tena, mlango haukukaa vizuri kwenye kamera. Tukapiga vigelegele mara ya pili, kwa njaa.

Picha zenyewe zilikabidhiwa siku ya ubatizo wa mtoto wao, na mpiga picha alifika na bei ya ubatizo mfukoni.

Tukafungua albamu. Ukurasa wa kwanza, viatu vya bi harusi juu ya majani. Wa pili, viatu hivyohivyo, upande mwingine. Pete ndani ya ua. Chupa ya manukato. Gauni linaning'inia dirishani, halina mtu. Bwana harusi anatazama saa. Bwana harusi anafunga kifungo cha mkono wa shati, macho ameyatupa mbali kama anadaiwa. Kisha matroni anamfuta bi harusi chozi, na mimi niliyekuwepo najua chozi lile lilirudiwa kwa ombi la mpiga picha.

Shangazi yetu wa Njombe, dada wa marehemu baba, alipanda basi alfajiri akasafiri kutwa nzima. Alishonewa kitenge cha sare, akafungwa kilemba mpaka akalalamika kichwa. Ndiye aliyetoa neno kwa niaba ya ukoo. Nimemtafuta kwenye albamu yote na flashi yote. Yumo kwenye picha moja: nyuma ya keki, upande wa kushoto, kuna mkono wenye bangili umeshika soda, umefifia. Bangili ile naijua. Alipoletewa albamu aliipekua taratibu mpaka mwisho, akanipigia simu. "Mwanangu, hivi mimi nilikuwepo?"

Wapiga picha wa zamani walikuwa na kasoro zao, walitukata vichwa na kutufumbisha macho. Ila mtu alikuja na filamu mbili tatu, kila moja picha 36, na kila akibonyeza alijua pesa imetoka. Mtu wa namna hiyo hapigi kiatu. Alikuwa anauliza: wazee wa upande wa mke wote wapo? Mama, shusha mtoto. Wewe wa nyuma, sogea, shingo. Haya, ya pili ya tahadhari. Mkitoka hapo hakuna aliyesahaulika.

Na filamu yenyewe haikutengenezwa kwa kutufikiria sisi. Kodak kwa miaka mingi walisambaza kwenye maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, ikaitwa Shirley. Rangi ikimkaa vizuri yeye, kazi imekwisha. Ndiyo maana kwenye albamu za baba zetu bwana harusi mweusi ndani ya suti nyeusi ametoka meno na kola. Kamera za sasa zinatuona vizuri mno. Sasa vijana wetu wanakaa na kompyuta usiku kucha kututia uzungu ambao kamera imekataa kututia. Mama mzazi wa bwana harusi wa mwaka jana alitoka mweupe kiasi kwamba mjukuu alimwamkia, "Shikamoo, mgeni." Makunyanzi wamemfutia yote usoni, mikono wakaisahau, ikabaki ya umri wake.

Kikao kilichopita nilisema haya yote nikaambiwa nimepitwa na wakati. Sawa. Kazi wamenipa mimi, kwa hiyo natangaza nafasi.

Anatakiwa mpiga picha wa picha mnato. Aje na harusi moja nzima ya ukumbini usiku, nione. Viatu anaruhusiwa picha moja, miguu ikiwa ndani yake. Droni aiache kwao. Wazee wa pande zote mbili nitamwandikia majina kwenye karatasi, atapiga kila mmoja amesimama, macho wazi, rangi yake aliyozaliwa nayo, tena kabla ya chakula, maana baada ya chakula wanaondoka. Namba moja kwenye karatasi ni Shangazi. Chakula cha wasaidizi kipo, mwisho sahani tatu. Kianzio ni nusu, na nusu ya pili ataipata nikishaishika albamu.

Kikao kijacho ni Jumapili saa kumi jioni, nyumbani kwa mwenyekiti. Aje amekula.