Namna ya Kufungwa Pool kwa Heshima

Mashindano ya pool yana mshindi mmoja. Wakiingia watu 32 kwenye mtoano, 31 watarudi nyumbani wamefungwa, na wewe, kwa hesabu ya kawaida, umo humo. Mafunzo yote ya mchezo huu yanamlenga yule mmoja anayeondoka na mbuzi wa zawadi. Hao wengine hakuna anayewafikiria. Mwongozo huu ni wao: namna ya kuchagua begi, fimbo, glavu na chaki kwa ustadi kiasi kwamba utakapotolewa raundi ya kwanza na kijana aliyevaa kandambili, baa nzima ijue kuwa kilichofungwa ni kifaa.

Begi linunuliwe kwanza, fimbo baadaye. Chagua lile gumu, refu, lenye mfuko wa pembeni ambao hakuna anayejua unatia nini humo. Fimbo ya vipande viwili ikitolewa kwenye begi ina sauti zake: zipu, kimya kidogo, kisha skrubu ikikazwa kwenye kiungo. Usizipoteze sauti hizo nyuma ya kaunta. Simama karibu na meza wakati mpinzani anaangalia, kaza taratibu, fungua, futa kiungo kwa kitambaa, kaza tena. Uwezo wako wa kucheza haujaongezeka hata chembe, lakini mhudumu ameshakuita bosi, na kuanzia hapo mishikaki yako ina bei yake.

Sasa fimbo yenyewe. Yanayomhusu mchezaji kweli ni machache na yanachosha kuyasikiliza: iwe imenyooka, ncha yake iwe nzima, uzito uukubali mkono. Fimbo nyingi zina uzito kati ya gramu 510 na 600, na mkono ukipewa muda huzoea wowote kati ya huo. Ukienda dukani na maneno hayo utauziwa ya bei nafuu na siku itakuwa imeharibika. Uliza kuhusu mbao. Fimbo za mtindo wa Kiingereza mara nyingi zimechongwa kutoka mti ambao mistari yake huchora mishale kwenye ubao. Za Kimarekani hutoka kwenye ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Tikisa kichwa kana kwamba ulikuwa unalijua hilo. Kisha ilaze fimbo juu ya meza ya pool na uibingirishe kuona kama imepinda. Kila mtu hufanya hivyo, na kwenye meza ya baa kipimo hicho hukueleza habari za meza tu, kwa kuwa meza nayo imeinama. Njia ya uhakika ni kufumba jicho moja na kuiangalia fimbo kutoka kitakoni hadi nchani, lakini hiyo huonyesha ukweli haraka mno.

Jina la fimbo lina uzito kuliko fimbo. George Balabushka, fundi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alifariki mwaka 1975, na fimbo zake leo hufungiwa kabatini na wakusanyaji. Mwaka 1986 filamu ya The Color of Money ilimwonyesha Paul Newman akimpa Tom Cruise fimbo ya Balabushka, na vijana wa mabara yote wakaitamani. Ile iliyoonekana kwenye filamu ilikuwa fimbo ya kampuni ya Joss, iliyochaguliwa kwa sababu ilifanana na ya marehemu. Basi usimcheke muuzaji wa mtaani anayebandika jina kubwa kwenye kitako cha fimbo isiyo na ukoo. Hollywood ilimtangulia.

Lazima atatokea mjuaji wa kukutajia Efren Reyes. Jiandae. Mfilipino huyu, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mkubwa kuliko wote waliowahi kuinamia meza, alifika Houston mwaka 1985 akajiandikisha kwenye mashindano kwa jina la Cesar Morales, kwa sababu jina lake halisi lilikuwa limeshaanza kuvuka bahari kabla yake. Akashinda. Mwaka 1999 akatwaa ubingwa wa dunia wa mipira tisa huko Cardiff. Na inasimuliwa kuwa alifanya makubwa yake mengi kwa fimbo ya bei ya chini kabisa. Hadithi hii ni sumu kwa watu kama sisi: inamhusu mtu aliyeona afadhali abadilishe jina kuliko kubadilisha fimbo. Ikianza kusimuliwa, agiza raundi nyingine ya vinywaji na ugeuze mazungumzo kwenye usajili wa Simba na Yanga.

Kuna kosa moja ambalo wenye fedha hulifanya, nalo ni kununua fimbo ya nyuzi za kaboni. Kampuni ya Predator ilipotoa REVO, fimbo yao ya kaboni, mwaka 2016, nyingine zikafuata mkondo, na sasa vitu hivyo vinafika hadi kwetu. Mbao hunywa unyevu. Fimbo iliyoegemezwa ukutani Dar es Salaam msimu wa mvua, au iliyolala kwenye buti ya gari juani, itapinda, na kupinda huko ni akiba yako. Kaboni haipindi. Imenyooka Januari, imenyooka Aprili, na unapokosa mpira uliokaa mdomoni mwa shimo, watu wote wanakutazama wewe. Sioni kwa nini mtu alipe fedha nyingi ili anyang'anywe kisingizio.

Kununua fimbo ya kurushia mipira, ile fupi, ni jambo jingine kabisa. Katika sheria za blackball, yaani pool ya mipira nyekundu na njano, kuurusha mweupe juu ya mpira mwingine ni kosa, kwa hiyo utaibeba mwaka mzima bila kuitumia, na kila ukibanwa nyuma ya mpira wa mwenzako utaiangalia kwa huzuni na kusema, "Ingekuwa Marekani…" Fedha imetumika vizuri.

Ncha ndiyo sehemu ambayo utani unapungua. Kipande kile cha ngozi, kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, ndicho pekee kinachougusa mpira, na fimbo ya milioni yenye ncha iliyopasuka inazidiwa na fimbo ya baa iliyotunzwa. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Mfaransa, Kapteni Mingaud, aliyekuwa kifungoni karibu na mwanzo wa karne ya 19 na ndani mle kulikuwa na meza ya biliadi. Inasimuliwa kuwa muda wake ulipokwisha aliomba aongezewe ili amalize utafiti. Kabla ya ngozi, mchezaji alipiga kwa mbao tupu, na mbao tupu huteleza. Kwa ngozi, mweupe unaweza kupigwa chini ukarudi nyuma, au ubavuni ukageuka kwenye kingo. Ncha laini hushika chaki vizuri lakini huvimba na kumwagika pembeni. Ngumu hudumu ila husamehe kidogo. Ncha bapa ni ugonjwa, iwe na mgongo wa duara. Fimbo za baa, kama ujuavyo, zina ncha iliyong'oka Jumamosi na kugundishwa Jumatatu kwa gundi ya viatu, na hapo ndipo hoja yako ya kuja na fimbo yako ina ukweli ndani yake. Itumie kwa uangalifu. Ukizoea kusema kweli utashindwa kuacha.

Chaki ni ibada. Kile kidude cha bluu hakina uhusiano na chaki ya ubaoni: mwaka 1897 mchezaji William Spinks na mkemia William Hoskins wa Chicago walipata hataza ya mchanganyiko wa silika na unga mgumu unaotumika kusugulia vyuma, na huo ndio unaoizuia ngozi isiteleze. Huenezwa kwa kupakwa juu juu, kidogo, kabla ya kila pigo. Wachezaji wetu huikamata fimbo na kuizungusha chaki mpaka itoboke katikati, wakiangalia mbali. Nakusihi uendelee hivyo hivyo. Dakika nzima ya kupaka chaki humfanya mpinzani afikiri unapanga mipira mitatu mbele, kumbe unajaribu kukumbuka kama wewe ni nyekundu au njano.

Tuje kwenye meza, maana ndiko mali iliko. Ile ya tokeni huumeza kila mpira unaoingia shimoni na kuuzuilia hadi mlipe tena, isipokuwa mweupe, ambao lazima urudi. Itaujuaje huo mweupe humo gizani? Kwa ukubwa, au kwa sumaku. Ndiyo maana kwenye meza nyingi za namna hii mweupe ni mdogo kidogo kuliko wenzake, na penginepo ni mzito kuliko wao kwa sababu ya chuma ndani yake. Jambo hili linabadilisha mchezo wote. Mweupe mwepesi ukipigwa katikati ukagonga mpira mzito haubaki mahali pake. Unaruka nyuma kidogo, na kuurudisha kwa makusudi ni rahisi mno, wakati kuupeleka mbele ni kazi. Mweupe mzito hufanya kinyume chake: unagonga na kuendelea na safari, mara nyingi moja kwa moja hadi shimoni. Aliyezoea baa ya kwao huyabeba haya mkononi bila kuyafikiri. Mgeni hujifunza akiwa tayari nyuma kwa fremu mbili.

Juu ya hapo, mipira yenyewe kwenye meza za mtindo wa Kiingereza ina kipenyo cha milimita 51 hivi, na fimbo zake huwa na ncha ya milimita 8 hadi 10. Wewe umenunua ya Kimarekani yenye ncha ya milimita 13, iliyotengenezwa kwa ajili ya mipira ya milimita 57, kwa kuwa ndiyo uliyoiona kwenye simu. Ukiiweka nyuma ya mweupe mdogo, ncha inafunika kama robo ya upana wake. Hongera. Umechagua barabara. Hakuna kisingizio cha kisayansi kuliko hiki, na kina faida kwamba ni kweli.

Ikiwa baa ina wazee waliosoma, unaweza kwenda mbali zaidi na kudai fidia ya kihistoria. Katika karne ya 19 mipira ya biliadi ilichongwa kutoka pembe za ndovu, na nyingi zilitoka huku kwetu, zikibebwa mabegani kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, zikavuka hadi Unguja, na kutoka hapo zikaenda Ulaya na Marekani. Wafanyabiashara wa New York walitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala, na majaribio ya John Wesley Hyatt yakaanzisha safari ya plastiki. Eleza yote haya polepole, fimbo mkononi, wakati ni zamu yako. Refa atakuomba upige.

Kuhusu refa: ni binamu wa mwenye baa, na sheria anazozisimamia zinaitwa "za hapa". Za hapa zinasema kosa ni mapigo mawili, isipokuwa mkiwa kwenye nyeusi, isipokuwa mkiwa mmekubaliana. Muulize mapema, mbele ya mashahidi, halafu lalamika baadaye kuwa hukuulizwa.

Mazoezi sijayagusa kwa sababu yanaharibu kila kitu. Atakayekuuliza kwa nini hukufanya, mkumbushe kuwa mwaka 2016 Rais Magufuli aliwakemea hadharani vijana wanaoshinda kwenye meza za pool asubuhi badala ya kufanya kazi. Wewe ulitii.

Na sasa mchezo wako. Mpinzani ni dogo wa kijiwe cha bodaboda, amechukua fimbo ya baa kutoka ukutani bila kuichagua, ameisugua kidogo kwa kiganja. Anavunja, ya njano inaingia. Hazunguki meza, hapimi kwa macho, hajui hata kama kuna watu. Anauacha mweupe mahali ambapo mpira unaofuata ni mwepesi, na huo nao unamwacha mahali pa mwingine, na hapo ungemtazama kwa makini ungejifunza jambo, lakini uko bize kuvaa glavu. Zamu yako inafika kukiwa na mipira yako yote saba mezani na wake mmoja, pamoja na nyeusi. Unapaka chaki. Unainama. Unainuka. Unapaka tena.

Ukishakosa, usiiangalie meza, iangalie fimbo. Inyanyue hadi usawa wa jicho, iguse ncha kwa kidole gumba, guna. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mbaazi hauna hata risiti ya kuthibitisha hasara. Wewe unayo. Mpe dogo mkono, mwite bingwa, mwambie ana kipaji ila atafute vifaa.

Atakuja baadaye wakati unafungua skrubu, kamba ya mbuzi mkononi, akiomba aishike kidogo. Ataichungulia kwa jicho moja toka kitakoni hadi nchani, akuulize, "Braza, hii unaiuza?" Mtajie bei uliyonunulia, na uongeze ya begi.