Wavuvi 312, Simu Moja

Simu ya mwenyekiti wa wavuvi ilianza kulia jana saa tatu kasorobo asubuhi, tumeketi chini ya mkoma pale ufuoni Longech, yeye akinisimulia upepo wa usiku. Akaitazama. Ikalia tena kabla hajaifungua. Kufikia mlio wa ishirini, akina mama waliokuwa wakigeuza samaki juani walikuwa wameacha kazi na kutusogelea, na mwenyekiti ameishika simu kwa vidole viwili, mkono kaunyoosha mbali na mwili, kama mtu aliyeokota nge akidhani ni kijiti.

"Mwalimu," akaniambia (huku kila mwenye laptopu ni mwalimu), "kuna mtu amekufa?"

Hakuna aliyekufa, mzee. Ujumbe ulikuwa ule ule mmoja: Ndugu mvuvi, unakumbushwa kuleta chombo chako kikaguliwe Alhamisi. Ulitakiwa uwafikie wavuvi 312, kila mmoja kwa simu yake. Ulitumwa kwa mwenyekiti, mara 312. Mama mmoja alianza kuhesabu milio kwa sauti, na wenzake wakampokea kwa makofi. Kwenye mia moja na kitu betri ikakata, wakaguna kama watu waliozimiwa redio katikati ya mpira.

Nilijua kosa ni langu kabla hata ya mlio wa tatu. Juzi mwenyekiti alipata laini mpya, nami nikataka kuiandika kwenye hifadhidata ya ufuo. Nilitumia Adminer, ambayo naipenda kwa kuwa ni faili moja tu ya PHP: unaitupa kwenye seva, unaifungua kwa kivinjari, basi, hata mtandao wa Kalokol unaibeba. Sasa, SQL, lugha waliyoianzisha Chamberlin na Boyce kule IBM miaka ya 1970, husomeka kama agizo la mama jikoni: badilisha jedwali la wavuvi, namba iwe hii, pale ambapo kitambulisho ni kile. Kipande hicho cha mwisho, "pale ambapo", ndicho usukani. Ukikisahau mashine haikuulizi ni nani unayemtaka. Inaelewa kwamba ni wote. Kitambo cha kupepesa jicho, watu 312 wana simu moja, kisha unaandikiwa kwenye kibandiko cha kijani kwamba amri imetekelezwa vizuri na mistari 312 imeguswa. Nilikisoma kibandiko hicho. Nikaona nimepongezwa.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ipo. DBeaver ikikuta amri kama ile haina "pale ambapo" husimama na kukuuliza kama una uhakika. Programu ya MySQL nayo ina swichi ya kukataa upuuzi huo, na jina la pili la swichi hiyo, waliloipa watengenezaji wenyewe, ni --i-am-a-dummy, yaani mimi ni mbumbumbu. Ukitaka kulindwa, ukiri kwanza kwa maandishi. Mimi nilikuwa na hadhi yangu. Django, kiunzi cha kutengenezea tovuti, ingenifaa zaidi. Ilizaliwa kwenye gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, ikatolewa kwa umma mwaka 2005, na kurasa zake za usimamizi zinafahamu watu wa haraka: zinakufungulia fomu ya mtu mmoja, na ukitaka kumfuta zinakuorodheshea kwanza kila kitakachoondoka naye.

Zana za kuiuliza hifadhidata kwa picha nazo zina kiama chake. LibreOffice Base hukuwekea majedwali kama visanduku, nawe unachora mstari kuunganisha kitambulisho cha huku na cha kule. Sijawahi kuchoka kuutazama mchoro huo. Swali ambalo lingekuwa aya nzima unaliona kama wavu, fundo hapa, fundo pale. Fundo moja likikosekana, kila mstari wa jedwali hili huoana na kila mstari wa lile. Wavuvi 312, mashua 47, na ghafla tuna mistari 14,664. Yesu mwenyewe alianza na samaki wawili na hakufika mbali hivyo. Idadi hiyo niliisoma mkutanoni Lodwar, na watu wakaiandika.

Ya Kakuma, nilipowaunganisha watu kadhaa kuwa mtu mmoja kwa sababu wote waliandikwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, tuyaache.

Nakala ya akiba ilikuwa ya kabla ya nusu ya namba kuingizwa. Kwa hiyo jana mchana nilizunguka kivuli hadi kivuli na daftari, nikiomba namba upya. Yule mama mhesabuji hakunipa yake.

"Waliopita mwezi ule walichukua," akasema. "Na wale wa kabla yao, na wale wa gari jeupe. Zimekwenda wapi?"

Zimekwenda kwenye michoro ya rangi rangi inayotazamwa Nairobi, lakini sikumwambia. Ng'ambo ya ghuba, Kalokol, kuna kiwanda cha kugandisha samaki walichojenga Wanorwe mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kugandisha kuligeuka ghali kuliko samaki mwenyewe, ziwa likarudi nyuma ghuba ikakauka, na 1990 Kenya ikavunja uhusiano na Norwe. Kiwanda nacho kilikuwa amri isiyo na "pale ambapo": Waturkana wote na wawe wavuvi. Mimi angalau nilikosea kwa bahati mbaya. Walionituma hawajawahi kurudi Longech na jibu lolote, hata bei ya samaki ya siku hiyo Kitale, ambayo ndiyo pekee ambayo mama huyu angependa kuiona kwenye simu yake.

Jioni nilimlipia mwenyekiti shilingi thelathini za kuchajiwa simu. Simu ikawaka. Tukanyamaza wote tukiitazama, naye mama akasogea karibu, kidole juu, aendelee pale alipoachia.